Ua wa mawe na kokoto (Busia na Tororo)

Ua wa mawe na kokoto ni uwanja wa nyumba uliotandazwa mawe badala ya nyasi au udongo mtupu. Busia, mji unaokatwa na mpaka wa Kenya na Uganda, na Tororo, penye mwamba wa mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, hazikosi malighafi: Mwamba wa Tororo ni kisiki cha volkano ya kale, na mawe ya chokaa ya hapo yametumika kutengeneza saruji. Lakini wingi wa mawe si sababu ya kuyamwaga kila mahali. Mahali pake hasa ni chini ya ukingo wa paa la bati, ambapo maji ya mvua za masika huchimba udongo na kuuanika msingi wa nyumba. Ukanda wa kokoto hapo huvunja nguvu ya maji na kuzuia tope kurukia ukuta, mradi ardhi iinamie mtaroni.

Wapo wanaotetea ua wa udongo uliofagiwa: nyoka huonekana mapema, na mihogo huanikwa bila kuchanganyika na changarawe. Hoja hiyo ni nzito, ila inapinga kufunika ua mzima, si ukanda. Wanaodai kokoto humaliza magugu wanatia chumvi. Vumbi na majani makavu hujaa kati ya mawe, nyasi zikaota. Tena mawe hutunza joto la jua hadi jioni, kwa hiyo kukata mwembe unaotia kivuli ili kutandaza kokoto ni hasara tupu.