Mkonge, Ngoma na Rangi za Baiskeli



Mhariri wa jarida hili alinitaka niandike jambo la historia. Najua wengi walitazamia habari za Abushiri na vita vya 1888, lakini hizo zimekwisha kuandikwa mara nyingi, na mnazisoma darasani. Mimi nimechagua habari za ngoma na picha. Sababu yangu ni moja: nawasikia vijana wetu wakisema kwamba sanaa ni mambo ya Dar es Salaam na Bagamoyo, na kwamba huku Mwera hapana kitu ila minazi na mkonge. Basi na tuanze na huo mkonge.

Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, upande wetu huu wa mto Pangani. Kutokana na miche hiyo yakaenea mashamba yaliyoifanya Tanga ijulikane duniani. Lakini mkonge hukatwa kwa mikono, na mikono haikutosha. Wakaletwa watu kutoka Songea, Kigoma, Tunduru, hata Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuwaandika kazi, ikiitwa SILABU. Watu hao tuliwaita manamba, kwa kuwa kila mmoja alihesabiwa kwa namba yake.

Mtu akihesabiwa kwa namba husahauliwa kwamba ana jina, ana kwao, na ana ngoma yake. Manamba hawakusahau. Jumapili, korona iliponyamaza, kila kambi ilisikika. Wamakonde walikuwa na sindimba, watu wa Ziwa Nyasa walikuwa na mganda wao. Sisi watoto wa shule tulizijua kambi kwa milio ya ngoma kabla ya kuzijua kwa majina.

Hapa pana jambo la ajabu kidogo. Ule mganda tuliouona kuwa ngoma ya wageni wa mbali ulikuwa na damu ya pwani. Mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa Lamu na Mombasa walianzisha ngoma ya beni. Walitazama bendi za wazungu na gwaride za askari, wakatwaa tarumbeta, sare na vyeo, wakawa na mfalme wao na majenerali wao, wakatungiana nyimbo za kushindana. Beni ikashuka hadi Tanga, na huko watu wakagawanyika, hawa Marini, hawa Arinoti. Vita vya kwanza vya dunia, 1914 hadi 1918, vikawachukua askari na wapagazi hadi bara, nao wakaichukua beni. Ilikofika ilibadilika. Ziwa Nyasa ikawa mganda, na kule kwenye machimbo ya shaba ya Zambia ikazaa kalela. Hatimaye manamba wa kusini wakaja na mganda mpaka mashamba ya Tanga, ambako beni ilikuwa imepita zamani. Mtoto alirudi kwa bibi yake akiwa mtu mzima, na bibi hakumtambua.

Mwalimu Nyerere alipohutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962, aliwasuta wasomi waliojua kucheza rumba na chachacha ilhali hawakujua ngoma za kwao, na miongoni mwa ngoma alizozitaja ilikuwamo lelemama ya akina mama wa pwani yetu. Ndipo serikali ikaunda wizara ya utamaduni, kikafuata Kikundi cha Taifa cha Ngoma, na mwaka 1981 kikaanza Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Ngoma zilizochezwa na vibarua makambini zikawa somo la darasani na maonyesho mbele ya wageni wa taifa.

Sasa nije kwenye picha. Katika miaka ya 1950, miongoni mwa maelfu waliokuja mkoani Tanga kukata mkonge, alikuwamo kijana mmoja wa Tunduru, aliyezaliwa mwaka 1932. Jina lake Edward Saidi Tingatinga. Mwishoni mwa miaka hiyo alihamia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani kwa wazungu, na kazi nyingine za kubahatisha. Kiasi cha mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Alinunua vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa ambazo watu hupakia baiskeli. Akachora chui, ndege, nyati, kila mnyama akijaza ubao peke yake, na mkewe akaziuza picha Morogoro Stores, Oysterbay.

Kazi yake ilidumu miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Lakini alikwisha kuwafundisha jamaa zake wachache, wakiwamo January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Omari Amonde na Simon Mpata. Hao waliwafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaandikisha chama chao cha ushirika. Mpata alihamia Kenya, picha zake zikapendwa mno Japani, na hoteli moja ya Maasai Mara ina jina lake. Leo tingatinga si jina la mtu tena, ni jina la aina ya picha.

Nasema haya kwa sababu. Ukipita kwenye maduka ya watalii utakuta chui yule yule wa Tingatinga amenakiliwa mara elfu. Silaumu mkono unaotafuta riziki. Ila naona kwamba aliyemnakili chui amechukua picha, hakuchukua somo. Waasisi wa beni hawakuwa na bendi, Tingatinga hakuwa na rangi za kuchorea. Walitwaa kilichokuwa karibu wakakifanya chao. Wachezaji wa mganda walilielewa somo hilo, kwa maana waliipokea beni wakaigeuza. Anayemfuata mwasisi kweli kweli humwongezea kitu.

Wanafunzi wa Mwera, kazi yenu hii hapa. Wazee waliocheza makambini wanapungua kila mwaka, na mzee akiondoka huondoka na ngoma zake. Chukueni daftari mwende kwao. Andikeni jina la ngoma, nani aliileta na kutoka wapi, ilichezwa kwa mavazi gani, na ngoma kubwa ilishikwa vipi. Halafu shikeni brashi. Chui tunao wa kutosha, lakini sijaona bado picha ya mkata mkonge amebeba mzigo wake jua likichomoza, wala ya ngalawa ikirejea Ushongo. Rangi za baiskeli zingali zinauzwa madukani.