Kituo cha Msomaji: Fasili ya Istilahi

Katika zama hizi ambazo wasomaji wengi, wa mijini na wa mashamba, wamezoea kujiwekea hesabu ya vitabu walivyovisoma, na kuwatangazia wenzao kila hesabu hiyo inapofika mahali palipokusudiwa, kama vile kitabu cha kumi tangu mwaka uingie, au ukurasa wa elfu, au riwaya ya kwanza kusomwa tangu jalada hata jalada kwa lugha ya kujifunza, imezuka haja ya kupata jina litakalosimama mahali pa lile ambalo Waingereza wamelichukua kutoka kwenye mawe yaliyosimikwa kandokando ya barabara zao kuonyesha maili. Wafasiri wetu wamegawanyika. Wako wasemao "jiwe la maili", wako wasemao "hatua muhimu", na wako ambao, kwa kukata tamaa, huliacha neno la kigeni lilivyo katikati ya sentensi ya Kiswahili, likakaa kama mgeni asiyekaribishwa. Mimi nasadiki kwamba mwambao huu wetu, kuanzia Bunju na Mapinga, kupitia Zinga, Kaole na Bagamoyo hadi Saadani, umekuwa na neno lake kwa jambo hilo kabla hatujaulizwa, nalo ni kituo.

Tulitazame kwanza jiwe. Warumi wa kale walipojenga njia zao walisimika mawe kila ulipotimia mwendo wa hatua elfu, zikihesabiwa mbili mbili, na mataifa ya Ulaya yakairithi desturi ile. Hata leo barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo ina alama zake za kilomita. Ni chombo chema kwa mhandisi na kwa dereva. Lakini jiwe husimikwa na mtu mwingine, kwa kipimo kilichokadiriwa kabla mpitaji hajazaliwa, tena kipimo chenyewe ni kimoja kwa mzee na kwa kijana, kwa mzima na kwa mgonjwa, kwa aliyebeba mzigo na kwa aendaye mikono mitupu. Anayejiwekea alama katika usomaji wake hafanyi hivyo. Yeye ndiye achaguaye mahali pa kusimama, na mahali pale pana thamani kwa sababu amefika yeye, kwa nguvu zake na kwa wasaa alioupata baada ya kazi zake. Kusema "jiwe la maili", basi, ni kuleta kipimo cha wote mahali palipotakiwa kipimo cha mmoja, mbali na kwamba sisi wenyewe tumekwisha kuiacha maili katika maisha ya kila siku, na watoto wetu hawaijui ila vitabuni.

Ama "hatua muhimu", kosa lake ni jingine. Hatua ni mguu unaponyanyuliwa na kuwekwa mbele. Ni mwendo wenyewe. Kinachotafutiwa jina hapa ni ule wakati ambapo mwendo umekoma kidogo, mtu akageuka nyuma kutazama alikotoka. Isitoshe, neno hili limetumika mno katika hotuba na taarifa za maofisini, ambako kila siku kuna mtu anayechukua hatua, hata limepungua uzito, na kuliongezea "muhimu" hakulirudishii nguvu iliyopotea.

Kituo kimetokana na kutua, nako kutua ni kuteremsha mzigo. Kwa watu wa Bagamoyo jambo hili halihitaji sherehe ndefu, maana mji huu katika karne ya kumi na tisa ulikuwa mlango wa njia kuu ya misafara iliyovuka Kingani, ambao ndio mto Ruvu karibu na kuingia kwake baharini, ikashika njia ya Unyanyembe na kufikia Ujiji kwenye ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walibeba mzigo wa kadiri ya frasila mbili kila mtu, wakimfuata kilangozi aliyetangulia. Na mahali pa kutua hapakupangwa kwa kamba ya kupimia, bali kwa maji, kwa chakula kilichoweza kununuliwa, kwa hongo iliyodaiwa na mtawala wa nchi ile, na kwa afya ya watu wenyewe. Siku moja kituo kilikuwa karibu na kituo, siku nyingine kilikuwa mbali mno. Aliyerejea pwani akaulizwa habari za safari aliisimulia kwa vituo: hapa tulitua, hapa tulilala mara mbili kwa sababu ya mvua, hapa alibaki mwenzetu. Wengi hulifasiri jina la Bagamoyo lenyewe kwa kubwaga moyo, wakitofautiana tu kama moyo huo ulibwagwa kwa raha ya kufika au kwa majonzi ya kuondoka. Na iwe iwavyo asili yake, fasiri hiyo inaonyesha jinsi kutua mzigo kulivyokaa katika fikira za watu wa hapa.

Lakini neno hili halikubaki njiani pamoja na wapagazi. Limeingia katika usomaji tangu kale, na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Katika vyuo vya Kurani vya mwambao, mtoto aliyetiwa chuoni hukabidhiwa ubao ulioandikwa kwa wino, akajifunza alifu, be na te, kisha irabu, fataha na kasra na dhuma. Na ubao wake unapooshwa ili uandikwe somo jipya, kuoshwa kule ndiko kituo chake cha kwanza, kwa kuwa hauoshwi ila kwa idhini ya mwalimu au ya halifa wake aliyemsikiliza akasoma bila kukwama. Kisha huingia Juzuu ya Amma, ambayo ni ya 30 na ya mwisho katika msahafu, yenye sura 37 fupi fupi. Baada ya Alhamdu huanza na sura ya mwisho kabisa, akapanda kuelekea juu, kinyume cha mpango wa kurasa, mpaka aimalize Amma, akaingia Tabaraka, akafika Yasini, ambayo nyumbani husomwa usiku wa kuamkia Ijumaa, hivyo aliyeifikia huweza kukaa na watu wazima akasoma pamoja nao. Sura ya Al-Baqara, yenye aya 286, ambayo kwa mpangilio wa msahafu ni ya pili, huenda ikawa ya mwisho kwake. Ni jambo la kutafakari kwamba waalimu wetu hawakuifuata hesabu ya kurasa katika kupanga vituo vya mtoto, bali walitazama uwezo wake, wakamtanguliza kwenye fupi kabla ya ndefu.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa mwambao huu aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, ambaye maandishi yake ni sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, hakuyaacha mambo ya mtoto na mwalimu wake wa chuoni katika habari za maisha ya watu wake. Alijua kuwa huwezi kumweleza Mswahili wa wakati wake pasipo kueleza amesoma mpaka wapi.

Na ndani ya aya zenyewe kuna vituo. Msomaji wa Kurani hufundishwa kutazama alama ndogo zilizoandikwa juu ya mstari: hii humlazimisha kusimama, hii humkataza, na hii humpa hiari. Mwalimu husema, "Hapo pana kituo," na mtoto hujua kuwa akivuta pumzi mahali pasipo kituo huenda akaiharibu maana. Zaidi ya hayo, wanavyuoni wa kale waliugawa msahafu mafungu saba kwa ajili ya mtu apendaye kuumaliza kwa siku saba, na kila fungu wakaliita manzil, neno ambalo kwa Kiarabu ni mahali msafiri anaposhuka na kupumzika. Basi Waarabu nao, waliposaka jina la sehemu ambayo msomaji ameifikia na kujiwekea, hawakwenda kwenye jiwe. Walikwenda kwenye kambi ya msafiri, kama ambavyo tungalikwenda sisi. Sidhani kwamba mfasiri anaweza kutaka ushahidi mwema kuliko huu, kwamba lugha mbili zilizokaa jirani kwa karne nyingi zimelitazama jambo moja kwa jicho moja. Hata washairi wetu, ambao hawakubali neno bila kulipima, huuita kituo ule mshororo wa mwisho ambapo ubeti hutulia, na ukiwa ni wa kurudiwa huuita kibwagizo, kutoka kwenye kubwaga kule kule.

Yuko atakayeuliza kwa nini tusitumie hitima, maana kuhitimu ndiko hasa kumaliza kusoma. Swali ni la haki, nami nimelitafakari kwa muda. Asili yake ni kutia muhuri, na ndugu zake ni hatima na hitimisho. Kwa hiyo lina ndani yake maana ya mwisho usio na baada. Mtoto aliyemaliza juzuu zote 30 alihitimu, wazazi wakatoa sadaka na majirani wakaja. Walakini hitima, kwa watu wa pwani, ni kisomo cha kumwombea marehemu, ambapo juzuu hugawanywa kwa waliohudhuria, kila mmoja akashika yake, na msahafu mzima ukasomwa katika kikao kimoja. Kumwambia mtu kwamba umefanya hitima ya riwaya yako kutamshtua, atakuuliza nani amefariki. Kuhitimu nako kumechukuliwa na shule na vyuo vya kisasa. Wanafunzi wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni hapa Bagamoyo, iliyoanza kuwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981, huitwa wahitimu siku ya mahafali yao, na ni sawa. Hitima na kuhitimu yabaki mahali pake, kwa jambo lililofungwa likaisha. Kitabu cha kumi si mwisho wa kusoma.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba kituo siku hizi kimejengewa kuta. Tuna kituo cha afya, kituo cha polisi, kituo cha mabasi, na mtu akisikia "kituo cha kusomea" atadhani ni jengo lenye meza na taa. Yale yale yalilipata neno chuo, ambalo katika Kiswahili cha kale lilikuwa na maana ya kitabu, likawa mahali ambapo kitabu husomwa, na sasa ni majengo ya elimu ya juu, ingawa mwanachuoni bado anaukumbusha ule uhusiano wa kale. Siwezi kuyarudisha nyuma mabadiliko hayo, wala sioni sababu ya kuyalaumu. Dawa yake ni kulifunga neno kwa mwenyewe: si kituo cha kusomea, bali kituo cha msomaji, na katika mazungumzo, kituo changu, kituo chako, kituo alichokifikia fulani. Umilikaji ule huondoa jengo na kurudisha safari, na pia hulinda jambo nililolisema juu ya jiwe, kuwa alama hii ni ya mtu na si ya barabara.

Hata hivyo nisimdhulumu mwenye kipimo cha wote, maana nchi hii imefaidika nacho. Mwaka 1970 ulipotangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakaenea vijijini, ilikuwa sharti serikali ijue watu wamefika wapi. Hivyo Agosti 1975 ukafanywa mtihani wa taifa zima, na wasomi wapya wakapangwa katika ngazi nne, ya juu kabisa ikiwa ya mtu awezaye kusoma gazeti, kuandika barua na kuweka hesabu zake. Kutoka asilimia 67 ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika mwaka 1967, hesabu ilishuka hadi 39 mwaka ule wa mtihani. Hizo zilikuwa ngazi, na jina hilo lilizifaa, kwa kuwa zilikuwa za taifa na kila mmoja alipandishwa kwa kanuni moja. Mama aliyetoka darasani jioni akaisoma kwa mara ya kwanza barua ya mwanawe bila kumwita mtu wa kumsomea alikuwa na ngazi yake katika daftari la mkaguzi, na alikuwa na kituo chake, ambacho mkaguzi hakukiandika.

Kuna jambo moja zaidi katika neno hili ambalo wenzake hawana, nalo ni shahidi. Msafara haukutua mtu mmoja mmoja. Mtoto wa chuoni hakuoshewa ubao bila msikilizaji, na mwanachuoni wa ngazi ya juu alipewa ijaza, yaani ruhusa ya kufundisha inayotaja silsila ya waalimu mmoja baada ya mmoja. Kwa njia kama hiyo Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtumwa, alisoma hata akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria hapa Bagamoyo, akafariki mwaka 1931 akiheshimiwa na watu wa kila nasaba. Msomaji wa leo awaambiaye wenzake kwamba amemaliza kitabu chake cha kumi anaomba shahada ile ile kwa sauti ndogo zaidi, na wenziwe wanapomjibu "hongera" wamemsikiliza ubao wake. Ndiyo maana siafiki wanaoiona desturi hiyo kuwa ni majivuno.

Kwa matumizi, basi: kitenzi kiwe kutua au kufika, na mtu aseme "nimetua kwenye kitabu cha ishirini", au "nimefika kituo changu cha mwaka huu"; wingi ni vituo vya msomaji; pale anapoviandika paitwe daftari la vituo; na anayejipangia kabla ya kuanza aseme anajiwekea vituo, kama kilangozi alivyokuwa akivitaja usiku kabla ya kupambazuka. Palipo na hesabu ya taifa au ya shule, tuseme ngazi. Palipo na ukamilifu usio na baada yake, tuseme amehitimu. Jiwe la maili tuwaachie wajenzi wa barabara.