Wachezaji wa Kiungani na Njia ya Tabora

Watu wengi wakisikia jina la Tabora hukumbuka misafara ya zamani: wapagazi wa Kinyamwezi, pembe za ndovu, na watumwa waliopelekwa pwani. Lakini njia ile ina habari nyingine, nayo yaanzia mbali, katika uwanja wa mpira wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kule Unguja.

Chuo kile kilikuwa cha misioni ya U.M.C.A. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Baadaye walikuja vijana wa bara, Wabondei, Wazigula, Wayao, Wamakua na wengineo, wapate kujifunza ualimu. Mpira ulichezwa pale tangu karne ya 19, na vijana wa chuo walishindana hata na Wazungu.

Faida ya mchezo ule haikuwa magoli peke yake. Mbondei alijifunza kumpa mpira Myao, mtu ambaye kwao wasingalionana maisha. Kila mmoja alishika mahali pake, na refa akipiga filimbi, hata mwenye hasira alinyamaza. Walipokwisha kufuzu walirudi bara kuwa walimu, wakauchukua mchezo pamoja na vitabu vyao.

Hata mwezi wa Agosti, mwaka wa 1914, vita vikaanza. Bara ilikuwa chini ya Wadachi, nao walimshuku kila mtu wa misioni ya Kiingereza. Padre E. F. Spanton, mkuu wa chuo cha Kiungani, alikamatwa, akakaa kifungoni yapata miaka miwili. Lakini walimu Waafrika walipata taabu iliyozidi. Walishitakiwa upelelezi, wakapigwa, wakatiwa minyororo, wakapelekwa mbali na makwao, wengine mpaka Tabora. Reli ilikuwa imekwisha fika Tabora tangu mwaka wa 1912. Walakini wafungwa hao walitembezwa safari ndefu kwa miguu. Wako waliokufa.

Ndugu wasomaji, fikirini jambo hili. Watoto wa kwanza wa Kiungani walifunguliwa minyororo. Na sasa waliowafuata katika shule ile ile walifungwa, wakaelekezwa mji ule ule uliokuwa kituo kikuu cha misafara. Tena katika mnyororo mwenye nguvu hawezi kutangulia, wala mgonjwa hawezi kubaki nyuma. Mmoja akianguka, wote husimama.

Miongoni mwa waliofungwa Tabora alikuwamo Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni mwaka wa 1891 na kusoma Kiungani. Tarehe 19 Septemba, 1916, majeshi ya Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur yaliingia Tabora, na wafungwa wakapata uhuru wao. Kayamba angaliweza kurudi kwao na uchungu moyoni, akajitenga na watu. Hakufanya hivyo. Mwaka wa 1922, huko Tanga, aliwaongoza wenzake kuanzisha chama cha Waafrika watumishi wa Serikali, nacho kiliwapokea Wakristo na Waislamu, watu wa kabila mbalimbali, wakae pamoja kama ndugu.

Chuo nacho hakikubaki Kiungani. Katika miaka ya 1920 kilihamia Minaki, karibu na Dar es Salaam, na uwanja wa zamani ukaachwa.

Sisemi kwamba mpira ndio uliowapa walimu wale saburi. Imani yao ilikuwa na mizizi mirefu kuliko mchezo. Lakini mtu hujifunza mambo makubwa kwa kuyazoea madogo. Aliyezoea kumngojea mwenzake uwanjani, asiyekuwa wa kabila lake, hakuwa mgeni wa kazi hiyo alipofungwa naye mnyororo mmoja. Basi, walimu, mnapowagawa watoto wapate kucheza, msiwagawe kwa kabila wala kwa kijiji. Wachanganyeni, maana hamjui ni njia gani watakayokwenda pamoja.