Bustani ya Forodhani na Sisi Watu wa Kongo

Katika mji wa Unguja, mbele ya Ngome Kongwe, kuna bustani ndogo inayotazama bahari. Jioni watu wa mji huenda pale kupunga upepo. Wachuuzi huwasha makaa na kuuza mishikaki, pweza na urojo. Vijana huruka kutoka ukutani na kuogelea. Mgeni akifika husema: Hapa ni fasi nzuri ya kupumzika. Ni kweli. Lakini sisi wa Kongo tukilisikia jina la bustani hiyo, yafaa tusimame kidogo. Yaitwa Forodhani, na forodha ndiyo ile nyumba ya ushuru ambayo kwetu huitwa duane.

Tuanze na mambo ya zamani zaidi. Karibu na mwaka wa 1600 Waportugali walijenga kanisa dogo mahali pale. Mwisho wa karne ile Waarabu wa Omani waliwafukuza, nao wakajenga ngome juu ya fasi ya kanisa. Hivi Eklezya ilifika mapema kwenye pwani ile, lakini ilifika pamoja na wenye mizinga. Na wenye mizinga walipoondoka, nayo ikaondoka. Jambo hilo peke yake latosha kumfundisha mseminari.

Karibu na mwaka wa 1840 Sultani Seyyid Said alihamisha makao yake kutoka Omani mpaka Unguja. Biashara ikakua sana, na forodha ikawa mfuko wa Sultani. Karafuu, nguo, bunduki, meno ya tembo, vyote vilihesabiwa pale. Watumwa nao walihesabiwa, na kwa kila mtu ushuru ulilipwa. Meno yale yalitoka wapi? Mengi yalitoka kwetu, kwa njia ya Ujiji, Nyangwe na Kasongo. Tippu Tip, aliyetawala sehemu kubwa ya Maniema, alikuwa mtu wa Unguja, akafa huko mwaka wa 1905. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone aliona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni Nyangwe. Habari ile ilipofika Ulaya iliwasukuma Wangereza kumbana Sultani Barghash, na mwaka wa 1873 alikubali kufunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kuwasafirisha baharini. Basi damu ya Nyangwe ilisaidia kufunga mlango ule wa bahari.

Baadaye mahali pale palibadilika mara nyingi. Mwaka wa 1890 Wangereza waliweka himaya yao. Mwaka wa 1896 manowari zao zilipiga jumba la Sultani, jirani na pale, vita isiyofika saa moja. Mwaka wa 1905 reli ndogo ya Bububu ilianza kazi, nayo ilianzia karibu na Ngome. Bandari mpya ilipojengwa Malindi, katika miaka ya 1920, pwani ile ikabaki wazi. Mwaka wa 1936 wakatengeneza bustani kwa heshima ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyetimiza miaka 25 ya utawala; wakaiita Bustani ya Jubilei. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 ikaitwa Bustani ya Jamhuri. Mwaka wa 2009 ilifunguliwa tena baada ya kutengenezwa upya.

Sultani aliipa jina, Jamhuri ikaipa jina. Lakini watu wa mji wamezidi kusema Forodhani. Maua yamepandwa, lakini jina la kazi ya zamani halikung'olewa.

Sasa tutazame upande wetu. Mwaka wa 1860 Padri Fava na wenzake walifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion. Mapadri wa Roho Mtakatifu wakaendeleza kazi yao. Mwaka wa 1878 Mapadri Weupe walipita Unguja na Bagamoyo kwenda kwenye maziwa makubwa. Mwaka wa 1880 walikuwa Masanze, mwaka wa 1885 wakapokea Mpala. Walitembea katika njia ya misafara ileile, na wapagazi walewale. Kiswahili tunachofundishia katekismu ndicho alichotumia Tippu Tip kuandika habari za maisha yake. Na katika shamba lile la Tanganyika alitoka Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo ya siku hizi, aliyepewa upadri mwaka wa 1917.

Tusifiche jambo lingine. Wamisionari walilipa mali kuwakomboa watoto watumwa, na waliokombolewa wakakaa chini ya amri ya misioni. Huruma ilikuwepo, tena iliokoa wengi. Lakini hata huruma ile ilipitia katika hesabu ya sokoni.

Kwa sababu gani tunaandika haya? Kwa sababu katika parokia zetu za Maniema na Tanganyika wajukuu wa waliochukua na wajukuu wa waliochukuliwa hupiga magoti kwenye meza moja ya Bwana, na mara nyingine neno la matusi kuhusu asili ya mtu huvunja umoja wao. Katekista akinyamaza, chuki hujificha tu. Akisema upande mmoja, anaichochea. Aseme yote kwa utaratibu: kwamba imani na lugha yetu zilipitia mlango ambamo wazee wetu walihesabiwa kama mizigo, na kwamba Mungu hakuwahesabu hivyo.

Watu wa Unguja hula na kucheka Forodhani bila kulifuta jina lake. Nasi tufanye hivyohivyo: tukae pamoja kwa amani, na tusibadili jina la yaliyotukia.