Gurudumu la Nne

Chini ya goti langu la kulia pana kovu refu. Wengi hudhani ni la ajali ya gari. Sivyo. Nililipata mwaka 1986 katika msitu wa West Virginia, Marekani, na kila nikilitazama hukumbuka kwamba ujuzi nao huweza kumwumiza mwenyewe.

Nilikuwa nimekwenda huko kusoma. Nyumbani Tanga nilipanda pikipiki tangu ujana, nikajiona kwamba hakuna chombo cha kunishinda. Siku moja mkulima mmoja alinikaribisha nishindane na wanawe msituni kwa pikipiki za magurudumu matatu: moja mbele, mawili nyuma, matairi yamejaa kama maputo. Nikacheka moyoni. Niliona ni mchezo wa watoto.

Tuliondoka kwa kishindo. Mizizi ilitutupa juu, tope likaturukia usoni, miti ikapita karibu hata nikahisi magome yake mabegani. Furaha ile siwezi kuikana. Lakini kwenye kona moja chombo kilianza kuinuka upande, nami nikafanya kama nilivyozoea juu ya pikipiki: nikashusha mguu. Gurudumu la nyuma likaudaka na kuupanda. Wale vijana walijua kwamba mguu haushushwi kamwe. Mimi sikuuliza.

Nikiwa kitandani, nikaanza kutafuta asili ya chombo kile. Wauzaji wa Honda huko Marekani walitaka kitu cha kuuza majira ya baridi, wakati pikipiki hazinunuliwi. Mhandisi Osamu Takeuchi akajaribu magurudumu ya idadi mbalimbali, akaona matatu yanafaa zaidi kwa injini ndogo kwenye theluji na tope. Mwaka 1970 kikatoka chombo kilichoitwa US90, kwa bei ya dola 595. Wakulima walikipenda, wawindaji pia, na kisha watoto wao.

Balaa ilikuja na mwendo. Injini zilipokua na mashindano kupamba moto, watu waliumia kwa maelfu na kufa kwa mamia, wengi wao wakiwa watoto. Suzuki walikuwa wamekwisha kuleta chombo cha magurudumu manne mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1985 wakatoa cha mashindano, LT250R, na Honda wakafuata na TRX250R mwaka 1986. Mwaka 1988 watengenezaji walipatana na serikali ya Marekani kuacha kuuza vipya vya magurudumu matatu. Katika mapatano hayo, chombo chenye injini ya zaidi ya cc 90 hakikukusudiwa mtu aliye chini ya miaka 16.

Basi, je, gurudumu la nne lilimaliza hatari? La hasha. Katika vyombo vya mashindano, magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja isiyo na difu, kwa hiyo huzunguka sawasawa hata penye kona. Chombo hutaka kwenda mbele tu. Mpandaji ndiye hukipindisha kwa mwili wake: huinuka kwenye kiti na kulalia upande wa ndani wa kona. Anayekaa kama mzigo hupinduliwa kama mzigo.

Nimekwenda kutazama mashindano ya GNCC, yaliyoanzishwa na Dave Coombs mwaka 1979. Wapandaji hujipanga injini zikiwa zimezimwa, bendera hupepewa, ndipo huwasha na kuingia msituni kwa muda wa saa mbili hivi. Barry Hawk alikuwa bingwa wa magurudumu manne kila mwaka tangu 1993 hadi 1999. Bill Ballance akafuata kutoka 2000 hadi 2008. Hutwai ubingwa miaka mingi namna hiyo kwa kukaza mafuta tu. Lazima ujue pia mahali pa kuyalegeza.

Mwaka huu mjukuu wangu, mwenye miaka 14, alinijia na picha ya chombo cha watu wazima.

“Babu, wenzangu wote wanacho. Hiki kina magurudumu manne, hakianguki.”

Mama yake ameniachia mimi neno la mwisho. Nilikunja suruali nikamwonyesha kovu. Alilijua, ila hakuwahi kuambiwa habari yake. Nikamwambia atapanda, lakini kwanza kidogo kinacholingana na umri wake, awe na kofia ngumu na mwalimu wa kumfundisha. Kile cha kwenye picha kitamngoja afikishe 16.

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza, “Babu, kwa nini mguu haushushwi?”

Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ile msituni. Swali hilo mimi sikuliuliza.