Jiwe Nyuma ya Tairi

Tuliondoka Morogoro saa kumi na moja alfajiri, mimi kwenye usukani, baba kando yangu na chupa ya chai miguuni. Nilikuwa nimemwahidi siku nzima ya kusimama: kila alipopita mbio enzi za utingo wake, safari hii tungeshuka. Hadi Iringa ni kama kilomita 300, na baba aliipita njia hiyo miaka mitatu bila kuitazama. "Tulikuwa tunaangalia tairi, mwanangu," alisema. "Nani aangalie milima?"

Kazi yake ilizaliwa na siasa. Novemba 11, 1965, Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru huko Rhodesia. Mafuta ya Zambia yalikuwa yakipitia humo kutoka bandari ya Beira. Njia ile ilipofungwa, nchi isiyo na bahari ikaigeukia Dar es Salaam, na malori yakaanza kupandisha mapipa ya mafuta na kurudi na shaba. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa vumbi, na masika yakiingia vumbi linageuka tope la kumeza ekseli. Madereva wa Kizungu waliiita njia ya jehanamu. Baba aliingia humo mwaka 1967, akiwa na miaka 19. Mwaka uliofuata bomba la TAZAMA likafika Ndola, mafuta yakapata njia yake, lakini mizigo mingine ilibaki juu ya malori. Lami ilikuja baadaye, kipande kwa kipande.

Mikumi hatukukaa sana. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1964 na barabara inaipasua katikati. Tuliona twiga wawili na kundi la pundamilia, tukaendelea polepole kama vibao vinavyoamuru. Kwenye bonde la mibuyu, Mto Ruaha ukiwa pembeni yetu, baba alinyamaza. Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu, wavu mzima, kwa sababu alisema hakuna safari aliyowahi kurudi nyumbani bila vitunguu vya pale.

Halafu Kitonga. Mlima huu unakupandisha kutoka joto la bondeni hadi baridi ya Uhehe kwa kona zinazofuatana, ukuta wa mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili. Niliegesha mahali penye nafasi, tukatazama malori yakipanda kwa gia ya kwanza. Hapo ndipo nilipoelewa utingo ni nini. Lori likizidiwa, utingo anaruka likiwa bado linatambaa, jiwe mkononi, analisukumia nyuma ya tairi kabla uzito haujaanza kurudi. Akichelewa, wanashuka wote korongoni. Lori likishika tena mwendo, analiokota jiwe na kukimbia nalo. Dereva wake alimkanya siku ya kwanza: ukiliacha jiwe barabarani, umemuua anayekuja usiku. Mikononi mwa vijana ambao hakuna kitabu kilichowataja ndimo Zambia ilimopitishwa.

Lugalo tulifika jua likiwa limeinama. Watu wa Dar wanalijua jina hilo kwa kambi na hospitali; Lugalo yenyewe ni hii, kando ya lami. Agosti 17, 1891, kamanda Mjerumani Emil von Zelewski, aliyeitwa Nyundo, alipita hapa na msafara mrefu wa askari, wapagazi na punda waliobeba mizinga. Wahehe wa mtemi Mkwawa walikuwa wamelala kwenye nyasi na nyuma ya mawe. Waliinuka na mikuki, na dakika chache zikatosha: Zelewski akafa, na pamoja naye Wajerumani wenzake na askari zaidi ya 200. Wajerumani walirudi, wakaivunja ngome ya Mkwawa huko Kalenga mwaka 1894. Mkwawa alipigana msituni hadi 1898, akajipiga risasi asikamatwe. Fuvu lake, ambalo Wajerumani walikuwa wamelichukua, lilirudishwa Kalenga mwaka 1954.

Mnara uliopo uliwekwa kuwakumbuka Wajerumani waliouawa. Mimi nilisimama nikiwafikiria Wahehe walioanguka siku hiyohiyo, na iliniuma. Baba aliuzunguka mara mbili, kofia mkononi. "Nilipita hapa sijui mara ngapi," alisema, "na dereva hakuwahi kuniambia."

Makumbusho ya Kalenga tuliyaacha kwa kesho yake. Giza lilikuwa linaingia. Nilipogeuka kwenda kwenye gari nikakuta jiwe nyuma ya tairi la kushoto, ingawa pale ni tambarare na breki ya mkono nilikuwa nimeivuta. Baba aliinama taratibu, mkono mmoja kiunoni, akaliokota. Alilibeba hadi nje kabisa ya barabara, akalilaza kwenye nyasi, kisha akapanda.