Kabla ya kufunga safari ya Madurai, mji wa hekalu la Meenakshi

Na Mwandishi Wetu

WATANZANIA wengi wanaofika Chennai, kusini mwa India, huwa hawakwenda kutembea. Wamempeleka mgonjwa hospitalini au wamemfuata mtoto aliye chuoni. Hata hivyo, matibabu yana siku zake za kungoja. Majibu ya vipimo hayajatoka, au daktari ameagiza mgonjwa apumzike wiki moja kabla ya kupanda ndege, na msindikizaji hubaki akizunguka mtaa uleule wa maduka hadi wauzaji wakamzoea.

Makala haya yanawalenga watu hao, pamoja na wale watokao nyumbani kwa nia hasa ya utalii. Kiasi cha kilomita 460 kusini-magharibi mwa Chennai, kando ya Mto Vaigai, upo mji wa Madurai, mmojawapo wa miji mikongwe ya jimbo la Tamil Nadu. Mji huo umelizunguka hekalu la Meenakshi kama maganda ya kitunguu: mitaa ya mraba, mmoja nje ya mwingine, ambayo baadhi yake imepewa majina ya miezi ya kalenda ya Kitamil. Chithirai ndio ulio karibu zaidi na kuta za hekalu, na Masi uko mbali zaidi. Mgeni akishaujua mpangilio huo hapotei kirahisi, kwani akiinua macho tu ataiona minara.

Aliyezoea mahekalu ya Kisutu jijini Dar es Salaam, yaliyojengwa na jamii zenye asili ya Gujarat, ataona ujenzi wa aina nyingine kabisa. Katika nchi ya Watamil, kinachotawala ni lango. Hekalu la Meenakshi lina minara 14 iitwayo gopuramu, na ule wa kusini, ulio mrefu kuliko yote, una urefu wa takriban mita 52. Kila mnara umefunikwa kuanzia chini hadi juu kwa sanamu za miungu, mashetani, wanyama na walinzi, zote zikiwa zimepakwa rangi kali. Wapo wageni wanaoziona rangi hizo kuwa zimezidi. Mwandishi wa makala haya alikuwa na maoni hayo kwa muda wa nusu saa hivi, kisha akayaacha.

Mwenye nyumba ni Meenakshi, mungu wa kike ambaye jina lake hufasiriwa kuwa mwenye macho kama samaki. Masimulizi ya wenyeji yanamtaja kuwa binti wa mfalme wa ukoo wa Pandya, aliyetawala na kupigana vita hadi alipokutana na Shiva, ambaye hapa huitwa Sundareswarar, akaolewa naye. Waumini humwabudu kwanza mke, ndipo waende kwa mume. Kwa jambo hilo Madurai inatofautiana na mahekalu mengi ya Shiva.

Sehemu kubwa ya majengo yanayoonekana leo ni ya karne ya 16 na ya 17, zama za watawala wa ukoo wa Nayak. Jeshi la Sultani wa Delhi, likiongozwa na Malik Kafur, liliuvamia mji mwaka 1311, na hekalu likapata hasara kubwa. Ukumbi uitwao wa nguzo elfu ulijengwa mwaka 1569. Anayezihesabu atapata nguzo 985, kila moja ikiwa imechongwa kwa namna yake. Ukumbi huo sasa ni makumbusho.

Kosa linalowaponza wageni wengi ni kufika mchana. Hekalu hufunguliwa alfajiri, kiasi cha saa 11, na hufungwa baada ya saa 6 mchana. Halifunguliwi tena hadi kiasi cha saa 10 alasiri, kisha huendelea hadi saa 4 usiku. Mwandishi alifika lango la mashariki saa 7 mchana, jua likiwa utosini, akakuta limefungwa. Aidha, viatu huachwa nje, na jiwe lililopigwa na jua la Tamil Nadu halina huruma na nyayo. Anayetaka kuona mengi na aende mara mbili: alfajiri, mawe yakiwa bado ya baridi, na tena jioni.

Simu na kamera hazipiti langoni. Mwaka 2018, baada ya moto kuunguza sehemu ya majengo karibu na lango la mashariki mwezi Februari, Mahakama Kuu ya Madras ilipiga marufuku simu ndani ya hekalu hilo, na mwaka 2022 amri kama hiyo ikatolewa kwa mahekalu ya jimbo zima. Vipo vibanda vya kuhifadhia simu, lakini ni busara kuiacha hotelini na kuepuka foleni. Kuhusu mavazi, kaptura na mabega wazi havikubaliki. Mwanamume na avae suruali ndefu, au shuka nyeupe ambayo wenyeji huifunga kama msuli. Mwanamke aliyevaa gauni refu na kujitanda kanga hatasumbuliwa na mtu.

Lipo jambo zito zaidi, ambalo mgeni ni vyema alijue kabla ya kukata tiketi. Asiye Mhindu haruhusiwi kufika patakatifu pa ndani, mbele ya sanamu ya Meenakshi na ile ya Sundareswarar. Mwezi Januari 2024, katika shauri lililohusu hekalu la Palani, Mahakama Kuu ya Madras iliamuru mahekalu ya Tamil Nadu yaweke vibao vya kuwazuia wasio Wahindu kupita mlingoti wa bendera, ikisema kuwa hekalu si mahali pa matembezi ya kujifurahisha. Asiye Mhindu anayetaka kuingia kwa imani hutakiwa kuandika ahadi kwamba anamwamini mungu wa mahali hapo na atafuata desturi. Kwa kawaida mtalii hubakiwa na kumbi za nje, ukumbi wa nguzo elfu na kando ya bwawa la Yungiyungi la Dhahabu, ingawa neno la mwisho ni la walinzi. Usibishane nao.

Wapo watakaoudhika kwamba wamesafiri maelfu ya kilomita kuja kusimamishwa mlangoni. Ni vyema wakumbuke kwamba swali la nani aingie halikuanza na watalii. Kwa karne nyingi waliozuiwa walikuwa Wahindu wenyewe, wale waliohesabiwa kuwa najisi katika mfumo wa matabaka, pamoja na watu wa jamii ya Nadar. Julai 8, 1939, mwanasheria A. Vaidyanatha Iyer, mwenyewe akiwa wa tabaka la juu, aliwaongoza watu wachache kutoka jamii hizo kuingia ndani ya hekalu la Meenakshi. Mahatma Gandhi, aliyekuwa amekataa kuingia humo wakati wengine wanazuiwa, aliingia mwaka 1946. Mgeni aliyesimama kwenye mlingoti wa bendera akiwaona watu wa kila hali wakimpita kwenda ndani, anatazama matunda ya siku ile.

Gandhi ana historia nyingine na mji huu. Ni hapa, Septemba 1921, alipoacha shati na kofia na kuanza kuvaa kitambaa kimoja kiunoni kama mkulima maskini, vazi ambalo dunia inamkumbuka nalo. Makumbusho ya Gandhi, yaliyofunguliwa mwaka 1959 ndani ya kasri la kale la Tamukkam, yanahifadhi kipande cha vazi chenye damu alilokuwa amevaa alipouawa mwaka 1948. Chumba hicho kina ukimya wa aina yake, na kinastahili saa nzima ya safari yako.

Kasri la Tirumalai Nayak, la mwaka 1636, halihitaji muda mrefu. Kilichobaki ni sehemu tu ya jengo la awali, lakini nguzo zake ni nene ajabu. Mlima wa Thiruparankundram, kiasi cha kilomita 8 kutoka mjini, una hekalu lililochongwa kwenye mwamba upande wa chini na ziara ya Waislamu, ya Sikandar, kileleni. Mwaka 2025 palitokea mvutano mkubwa kuhusu matumizi ya mlima huo, hivyo ulizia hali kabla ya kwenda.

Kuhusu usafiri, treni ndiyo njia nzuri. Zile za Madurai kwa kawaida huondoka kituo cha Egmore na si Chennai Central, kosa ambalo limewaacha wengi wakikimbizana na bajaji. Treni ya usiku ya Pandian hukufikisha alfajiri, wakati muafaka wa hekalu, na ile ya kasi ya Vande Bharat, iliyoanza njia hiyo mwaka 2024, hutumia chini ya saa sita. Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla, na hujaa upesi. Viza ya utalii huombwa kwa intaneti, walau siku nne kabla. Wanaotoka Kenya na Uganda hutakiwa kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa angalau siku 10 kabla. Mtanzania naye asikiache chake nyumbani. Beba nakala za pasi na viza, kwani hoteli hulazimika kuwaandikisha wageni wa nje kwa mamlaka, na nyumba ndogo za wageni huogopa kazi hiyo zikadai zimejaa.

Desemba hadi Machi ndio wakati mwafaka. Aprili na Mei joto hukaribia nyuzi 40, lakini ndipo inapofanyika sikukuu ya Chithirai, harusi ya Meenakshi na Sundareswarar, ambapo umati hufurika mjini. Anayekwenda na mgonjwa au mtoto mdogo na aiepuke.

Chakula hakitamshinda mtu wa pwani: idli, mfano wa kitumbua kilichopikwa kwa mvuke badala ya mafuta, huliwa kwa mkono wa kulia juu ya jani la mgomba. Nje ya malango wanawake huuza asumini iliyotungwa, maarufu India nzima, na harufu yake itamkumbusha Mzanzibari vikuba vya nyumbani.

Usiondoke kabla ya saa 3 usiku. Wakati huo, kila siku, makuhani humbeba Sundareswarar kwa machela, katikati ya moshi wa ubani, ngoma na zumari, na kumpeleka chumbani kwa mkewe kulala. Tafuta nafasi mapema kwenye ukumbi wa nje, karibu na ukuta, uwaachie waumini njia. Alfajiri watamrudisha.